Mgeni wa Asilimia Sabini na Moja

Jana usiku niliota, na ndoto yenyewe naisimulia bila kuongeza chumvi. Chumvi niliikuta imo tayari.

Kwanza mjue mambo yalivyokuwa kabla sijafumba macho. Mama yangu, Bi Mwanasha, hutengeneza kadi za harusi sebuleni kwetu hapa Tanga, kwa kompyuta ambayo juzi ilianza kukoroma. Diski yake ya zamani ilikuwa imechoka kabisa. Mimi Mbaruku, mwanawe, nimemaliza kidato cha sita na kwa sasa sina kazi isipokuwa kujua kila kitu. Nikasema, "Niachie mimi."

Nikaitoa diski ya zamani, nikaweka mpya, nikachomeka flashi yenye mfumo wa kuendeshea kompyuta, nikaanza kuuingiza, au kupiga windo kama wasemavyo vijana wa mjini. Ikaenda vizuri mpaka asilimia sabini na moja. Hapo ikasimama. Nikazima, nikawasha. Sabini na moja. Nikazima kwa hasira, nikawasha kwa upole. Sabini na moja.

"Vipi, fundi?" mama akawa ananiuliza kila akipita. Hilo neno fundi alilitamka kama anavyolitamka jina la yule jirani aliyehamisha mpaka wa uzio.

Sasa, ingekuwa kompyuta tu, ningelala zangu. Lakini leo ndiyo siku ya kuchapa kadi za harusi ya Zuhura, binti wa nyumba ya pili. Upande wa bwana harusi, watu wa Pangani, wameshasema waziwazi kwamba bila kadi mkononi hawavuki mto. Tulizibeba kwenye flashi nyingine, tukajaribu kuzichapa stationari ya mjini. Kwao programu ya mama hakuna, maua yake yakatoka vimraba vitupu, na jina la bwana harusi likatoka alama za kuuliza. Mama akazichana palepale.

Jioni Zuhura mwenyewe alikuja, akaitazama ile asilimia, kisha akanitazama mimi.

"Kaka Mbaruku, nisipoolewa kwa sababu yako, utanioa wewe?"

"Mungu apishilie mbali," nikasema.

"Na mimi nasema hivyohivyo."

Tukawa tumekubaliana kwamba kompyuta lazima ipone.

Basi usingizi ukanichukua palepale mkekani, kichwa kando ya kompyuta. Ndipo kompyuta ikakohoa.

"We," inasema. "Utakaa hapo nje mpaka lini? Ingia."

"Niingilie wapi?"

"Ubavuni. Tundu la flashi. Na ndala uache hukohuko."

Naacha ndala. Naingiza kichwa, hakiingii. Najigeuza tumbo juu, hakiingii. Najigeuza tena nikiwa kama nilivyokuwa mwanzo, kinaingia. Sishangai. Flashi nayo huwa hivyohivyo.

Ndani kuna geti, na getini kuna mlinzi. Sare yake ni ya bluu, kofia ya bluu, uso wa bluu, na meno tu ndiyo meupe.

"Heri ya mwaka mpya," ananiambia.

"Mwaka mpya bado sana, bwana."

"Kwangu ni leo. Betri ya saa yangu imekufa. Kila nikiamka ni Januari mosi. Tarehe mbili sijawahi kuiona. Ikoje?"

"Ya kawaida tu."

"Nilihisi," anasema, na anaonekana kutulia. "Mimi naitwa Bayosi. Ndimi ninayeamka wa kwanza humu ndani na kuwaamsha wengine wote, na sijasikia ahsante hata siku moja. Foleni ni hii: flashi anatangulia, diski anafuata, mtandao nyuma yao. Wewe ni kifaa gani?"

"Mimi si kifaa. Ni mtoto wa mwenye kompyuta."

Bayosi anafikiri sana. "Mtoto wa mwenye kompyuta sina pa kumweka. Nitakuingiza kama kipanya. Cha waya au bila waya?"

Najitazama. "Bila waya."

"Pita. Na usirukeruke."

Nageuka nimwambie ahsante, ili aisikie angalau mara moja, lakini Bayosi hayupo tena. Pale alipokuwa amesimama pana mtaa, na mwisho wa mtaa pana nyumba. Hakuna aliyeniambia, ila najua kwamba nyumba hiyo ndiyo diski mpya. Ni kubwa, nyeupe, inanukia rangi. Haina kuku uani, haina kamba ya kuanikia nguo, haina hata sisimizi. Mbele yake pana ngazi ndefu za kupandia barazani, kila ngazi na namba yake, na kwenye ngazi ya sabini na moja ameketi mtu.

Ni mtu mrefu, mtanashati, koti limepigwa pasi mpaka linakata. Masanduku yamemzunguka. Nyuma yake wamejipanga madereva, wale wanaoendesha vifaa vya kompyuta: wa spika, wa kamera, wa mashine ya kuchapia. Wote wamefunga mikanda ingawa gari hakuna. Kandokando yao, vitoto vyeupe vya mviringo vimeshikana mikono vinakimbia duara, vinahema.

Naanza na hivyo vitoto. "Mnazunguka nini?"

"Tunazunguka ili walio nje waone kuna kazi inaendelea."

"Na inaendelea?"

"Hapana."

Vinazidi kukimbia. Napanda hadi kwa yule mtu mrefu.

"Bila shaka wewe ndiye Mfumo."

"Ndiye mimi."

"Umekwama?"

Ananitazama kama nimemtukania koti. "Sijakwama. Nimeketi. Nimepiga hodi, sijaitikiwa karibu."

"Lakini hii nyumba haina mtu!"

"Naam. Ndiyo maana hapana aliyeitikia."

"Basi si uingie tu?"

Madereva wote wanashusha pumzi kwa pamoja. Dereva wa kamera anafumba macho kwa aibu.

"Kijana," anasema Mfumo polepole, "mimi nimelelewa. Nyumba ya watu haiingiwi kama kituo cha mafuta. Nimepiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Sasa nangoja."

"Mimi nina kadi za watu," ananung'unika dereva wa mashine ya kuchapia. Mikono yake ina wino mpaka kwenye viwiko.

Naona huyu mgeni ni wa kuchezewa akili kidogo. Naizunguka nyumba, nachuchumaa chini ya dirisha la nyuma, nakaza koo na kuita kwa sauti nzito ya mtu mwenye nyumba na shamba, "Karibuuu!"

Mfumo anajibu kutoka barazani, kwa adabu zote, "Hiyo imetokea nje."

Narudi nikijifanya nilikwenda kutazama bomba.

Ukutani, pembeni mwa mlango, kuna kitufe cha kuzimia. Nakinyooshea kidole. Labda tukianza upya, nawaza, huyu bwana atasahau malezi yake. Kitufe kinarudi nyuma na kupiga yowe.

"Tena? Leo umenibonyeza mpaka kichwa kinagonga! Nini nimekukosea?"

Hata vile vitoto vinapunguza mbio. Mtaa mzima unanitazama.

"Kumbe ni wewe," anasema Mfumo.

"Nani?"

"Anayetufukuza. Nafika hapa na masanduku yangu, napiga hodi, naketi, na ghafla dunia inazimika. Nikizinduka niko getini, naambiwa heri ya mwaka mpya, naanza kupandisha mizigo upya ngazi zote hizi."

Natafuta pa kuyaweka macho yangu, sipati. "Samahani sana."

"Si neno," anasema. "Ila lile sanduku dogo lina vyombo. Lilikuwa na vyombo."

Anaketi tena. Naketi naye, kwa sababu sina lingine la kufanya, na ndipo ninapoutazama mlango vizuri. Kumbe mlango wenyewe hauonekani. Umefunikwa na pazia jeupe la kufuma kwa mkono, maua makubwa, na kwenye pembe ua moja ni la njano pale uzi mweupe ulipoisha.

Hilo ua la njano nalijua. Lile ni la mama.

Wasiomjua mama lazima niwaeleze. Mama hapendi kitu kikae uchi. Redio yetu ina kitambaa cha kufuma, friji ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina sketi. Na kompyuta nayo ina kitambaa kinachoning'inia mbele ya kioo mpaka chini, na nyumbani kwetu hakuna anayekiondoa. Akifanya kazi, mama hukikunja kwa juu na pini yake. Mimi pini sina, na kugusa vitambaa vya mama nimeshakatazwa tangu nilipofutia baiskeli kimojawapo. Hivyo siku nzima nimekuwa nikichungulia kwenye matundu ya kitambaa, kule juu asilimia inakosomeka. Huko chini, nyuma ya maua mazito, sikuwa na shida nako.

Nyuma ya pazia nasikia sauti, nyembamba kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Aingie? Ndiyo au hapana?"

Nainua pembe ya pazia. Nyuma yake amesimama msichana mwembamba, nguo mpya hata mikunjo ya dukani haijatoka. Ameshika kibao kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Diski?"

"Ndiyo, kaka. Nimeuliza tangu asubuhi. Naambiwa mtu mgeni asipitishwe ndani mpaka mwenyewe akubali, basi nauliza: aingie, ndiyo au hapana? Hanijibu mtu. Nikadhani labda nimeuliza vibaya." Anakikumbatia kibao. "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza."

Nawaambia moyo uliniuma ndotoni kama unavyouma kwelikweli.

"Ndiyo!" napaza sauti. "Ndiyo, aingie! Aingie na masanduku yote!"

"Ahsante, kaka. Na wewe ni nani?"

"Ni kipanya!" Bayosi anapiga kelele kutoka mbali huko getini. "Bila waya!"

Diski ananitazama kwa huruma. "Kipanya hawezi kumkaribisha mgeni."

"Mimi si kipanya, ni mtoto wa nyumba hii!"

"Hata hivyo. Mtoto akisema karibu, mgeni hukaa barazani akangoja mkubwa." Ananionyesha kwa kidevu. "Na barazani ameshakaa. Kamwite mwenye nyumba."

Nageuka kukimbia, na hatua ya kwanza tu inanifikisha jikoni kwetu. Ila jiko limehamia juu ya kibodi. Mama ameketi kwenye kile kitufe kirefu cha chini kama alivyozoea kuketi kwenye mbuzi, anakuna nazi, na kila akikuna, herufi zinaruka na kuanguka kwenye ungo. Motoni kuna mkate wa kumimina. Iliki inanukia mpaka kwenye namba.

"Mama, kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mfumo."

"Wa kwa nani huyo?"

"Hana kwao, mama. Ndiyo anatafuta kwao."

"Yuko wapi?"

"Barazani."

"Tangu saa ngapi?"

Nakohoa. "Tangu asubuhi."

Mama anaacha kukuna. Herufi zinaacha kuruka. "Mgeni yuko barazani kwangu tangu asubuhi, na wewe kazi yako imekuwa kumzima na kumwasha?"

"Sikujua, mama."

"Huyo mgeni amekula?"

"Mama, huyo ni mfumo wa kompyuta."

"Mimi nimekuuliza kazi yake? Nimekuuliza amekula?"

Hilo kidato cha sita kizima hawakutufundisha.

Mama anaepua mkate, anaukata vipande, anajifunga kanga ya pili na kutoka. Mimi nafuata nyuma na birika. Hatupandi ngazi, ngazi ndizo zinazotushukia. Mfumo akimwona mama anasimama haraka mpaka masanduku yanaanguka, na madereva wote wanafungua mikanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Habari za safari?"

"Njema, mama."

"Wa nyumbani hawajambo?"

Hapo Mfumo anatazama viatu vyake. "Nyumbani sina, mama," anasema mwishowe. "Naingizwa nyumba za watu, nakaa, nachoka, nafutwa. Wananiambia endelea, kubali, endelea, kubali. Kuulizwa habari za safari, ndiyo leo."

Machozi yanamtoka. Yanatoka mraba mraba.

"Haya, basi, nyamaza," anasema mama, na kumfuta uso kwa ncha ya kanga. "Kula kwanza. Mtu hawezi kuingia nyumbani na njaa, ataona kila kitu kibaya."

Mfumo anakula. Madereva wanakula. Dereva wa mashine ya kuchapia anaacha alama za vidole kwenye kila kipande, na mama anajifanya hakuona. Vile vitoto vya duara vinaachiana mikono kwa mara ya kwanza na kuja kunyoosha viganja. "Na wewe wa mwaka mpya, njoo!" mama anaita, na Bayosi anakuja mbio, sare inapepea, akisema njia nzima kwamba hajawahi kualikwa mahali. Mama anampa kipande cha pembeni, kilichoungua kidogo, kwa sababu amesema ndicho anachokipenda. Hata Kitufe kinafungiwa chake kwenye karatasi.

Wakishiba, mama anaukaribia mlango. Anachomoa pini kwenye mtandio wake, anakikunja kitambaa juu, anakibana. Diski anatokea mzimamzima na kibao chake.

"Aingie?" anauliza. "Ndiyo au..."

"Ndiyo, mwanangu. Na siku nyingine ukiuliza usijibiwe, piga kelele. Nyumba hii ina viziwi." Ananitazama mimi. Halafu anamgeukia mgeni, anafungua mikono yote miwili. "Karibu, baba. Karibu kwako."

Mfumo anavua viatu. Anatanguliza mguu wa kulia. Ngazi ya sabini na mbili inawaka taa, ya sabini na tatu inawaka, madirisha yanafunguka moja baada ya jingine, na mahali fulani ndani ya nyumba mtu anatundika koti msumarini. Dereva wa mashine ya kuchapia ananipita akikimbia. "Ni kadi za nani?" ananiuliza bila kusimama.

"Za Zuhura!"

"Ana bahati!"

Nabaki barazani peke yangu na lundo la sahani.

"Mama, na mimi niingie?"

"Wewe Kipanya osha vyombo kwanza," anasema mama kutoka ndani.

Nachota maji. Ni ya baridi ajabu. Naosha sahani, naosha birika, naosha vidole vyangu, na maji yanapanda mpaka shingoni, na baridi inaniambia, "Mbaruku. Mbaruku. We Mbaruku!"

Alikuwa mama, mkono wake umelowa maji ya kutawadha, ananitikisa shingo. Kumekucha. Nilikuwa mkekani, alama za ukindu shavuni, na kwenye matundu ya kitambaa asilimia ilisomeka vilevile, sabini na moja, na vile vidude vyeupe vinazunguka vinahema.

"Nikamwambie nini mama yake Zuhura?" mama akaniuliza. Leo hakuniita fundi. Alikaa kitako mkekani, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakulala. "Mtoto wa watu ataingia ukumbini viti vitupu upande mmoja."

Nilishika kitambaa kwa vidole viwili, kwa heshima zote, nikakiinua.

Chini kabisa ya kioo, pembeni, palikuwa na kiboksi kidogo cha kijivu. Kiliuliza kwa Kiingereza kama diski hii mpya itumike, ndiyo au hapana. Mimi nilikisoma kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mama, njoo ubonyeze hapa."

"Mimi najua nini? Bonyeza wewe."

"Mimi hawatanikubali. Bonyeza hapo, halafu useme karibu."

"Nimkaribishe nani?"

"Sema tu, mama yangu."

Alinigusa paji la uso kama nina homa. Lakini mama ni mtu ambaye neno hilo likishatajwa mbele yake hawezi kulizuia. Akabonyeza. "Karibu," akasema, nusu kwa mzaha.

Sabini na mbili.

Sabini na tisa.

Mama akakishika kidole chake akakitazama. Ikapanda mpaka ikafika mia, ikazimika yenyewe, ikawaka yenyewe, na kioo kikawa cheupe, kikubwa, kinangoja. Nikaiweka programu yake ya kadi, nikazifungua kadi kutoka kwenye ile flashi nyingine, nikaunganisha mashine ya kuchapia. Ikakoroma, ikavuta karatasi, na kadi ya kwanza ikatoka: maua yote mahali pake, na jina la bwana harusi kwa herufi, si kwa kuuliza. Mama aliipuliza wino ingawa ilikuwa imeshakauka, akaibana kifuani.

Kisha akanyanyua pua.

"Nani amepika mkate wa kumimina asubuhi hii?"

"Jiko hujawasha, mama."

"Ndiyo nauliza."

Akaifuata harufu. Ilimtoa dirishani, ikampitisha kwenye friji, ikamleta mpaka kwenye kompyuta. Akainama ubavuni, pale feni inapotolea pumzi. Ilikuwa inapumua taratibu, pumzi ya vuguvugu, ya aliyeshiba, na kila pumzi ilikuwa ya nazi na iliki.

"Mbaruku, umekulia juu ya kompyuta yangu?"

"Si mimi, mama."

"Nani, basi?"

"Mgeni," nikasema.

Nilingoja kofi la mzaha. Halikuja. Mama alikitengeneza kitambaa vizuri, akakikunja juu akakibana kwa pini yake. Halafu akaenda jikoni kuchemsha chai, na aliporudi alikuwa amebeba vikombe vitatu.